Safu ya Saba

Waraka wa Bodi umefika kwa boti ya saa nne,
umekunjwa mara tatu, umelowa pembe moja.
Kurasa kumi na moja za majukumu yetu:
kuanzisha, kuendesha, kusimamia, kuratibu,
vitenzi vimesimama kama wageni rasmi
wasioonyeshwa kiti.

Nyanya yangu wa Mkomani alikuwa akisema
neno lisiloenea katika mizani nane
halikai kichwani hadi alfajiri.
Basi nikakaa baina ya feni mbovu na rafu ya jiografia,
nikaipunguza sheria mpaka ikaingia:

    Sheria imeandika
    vitabu kuvipeleka
    visiwani hata nyika
    pasi na kubaguliwa.

    Vilochanika kushona
    vilougua kupona
    wakopaji kuwaona
    na faini kulipiwa.

Nikaridhika. Kisha nikafungua fomu.

Safu ya kwanza, vitabu: elfu nne mia mbili na sita.
Ya pili, wasomaji. Je, nimhesabu Famau,
anayekuja kuchaji simu ya mamake
akasoma ramani za mito huku akingoja?
Nimemhesabu. Kisiwa hiki hakina mto hata mmoja.
Ya tatu, viti. Ya nne, viti vizima.
Ya tano na ya sita ni za mchwa, kabla na baada ya dawa.
Chumvi haina safu. Nimeichorea yake pembeni,
maana huku hewa yenyewe hula gundi ya jalada
na Nairobi hawaamini.

Ya saba: hasara.

Jana alasiri aliingia Bi Mwanate wa Langoni,
eda imemwisha juzi,
kifuani mfuko wa unga, ndani ya mfuko kitabu
cha injini za dizeli, jalada halipo.
Kilitakiwa kurudi miaka kumi na tisa iliyopita.
«Marehemu alisema atakirudisha akikimaliza.»
«Hakukimaliza?»
«Alikuwa akikirudia.»

Nikakifungua. Ukurasa wa sitini,
kidole gumba cha grisi, kamili, mistari yote,
kama sahihi ya asiyepelekwa skuli.
Pembeni kwa penseli, herufi kubwa za kujifunza:
HII NDIYO YA MSIKITI.
Mbele kidogo: KINU CHA WIYONI, IMEWAKA, ALHAMISI.
Kwenye mchoro wa pampu: HUYU ALINILIPA SAMAKI.
Na pale penye jedwali la vipimo, penseli imechoka:
HAPA SIJAELEWA. Chini yake, wino mwingine, mwaka mwingine:
NIMEELEWA.

Nikapiga hesabu, kazi ni kazi.
Siku elfu sita mia tisa na arubaini
mara shilingi tano:
elfu thelathini na nne na mia saba.
Bi Mwanate hakushtuka. Aliweka leso mezani
akaanza kufungua fundo, polepole,
kwa kucha na meno,
na mstari wangu mwenyewe ukanitazama
kutoka kwenye karatasi, umejaa vina.

Nikamwambia alifunge fundo lake.

Muhuri haukuwa na wino, nikautemea mate.
Kanuni ya ishirini na mbili inataka kitabu cha namna hii
kifutwe daftarini, kisha kichomwe mbele ya shahidi.
Shahidi alikuwa Famau. Alikinusa,
akauliza kama anaweza kwenda nacho nyumbani.

Kwa hiyo, waheshimiwa, safu ya saba niliandika sufuri,
nikafuta, nikaandika moja, nikafuta,
sasa karatasi imetoboka pale
na mtaona meza yangu kupitia tundu.
Naongeza ubeti, muutie popote panapofaa:

    Kitabu kilichofika
    mikononi kikachoka
    na mafuta kikanuka
    hicho hakikupotea.

Najua, kina cha mwisho kimekataa kufuata wenzake.
Nimekibembeleza mpaka adhana ya magharibi.
Nimekiacha.

    Somoe Bwanaheri,
    msaidizi wa maktaba, Lamu.
    Feni bado tunaisubiri.